Vyombo Tulivyompelekea Mama

Kila mama anaijua furaha ya kuingiza chombo kipya ndani ya nyumba. Hata kikiwa sufuria tu, utaigeuzageuza, utaipangusa, kisha utaiweka mahali ambapo mgeni akiingia ataiona. Basi fikirini, akina mama wenzetu, furaha tuliyokuwa nayo sisi watatu mwezi Desemba mwaka 2021, tulipopewa kazi ya kuweka vyombo katika nyumba nzima.

Nyumba yenyewe ni ya mama mkwe wetu, nayo iko Kiziba, wilaya ya Missenyi, mkoani Kagera. Ilikuwa imejengwa upya baada ya kubomolewa na tetemeko la ardhi. Waume zetu, ambao ni ndugu wa tumbo moja, walituambia: "Sisi tumemaliza ya kuta na mabati. Ya ndani ni yenu." Tukacheka, tukajiona kuwa kazi hiyo tunaiweza. Kati yetu mmoja anakaa Mwanza, mwingine Dar es Salaam, na wa tatu ni mwalimu Morogoro. Wote tuna nyumba zetu na watoto wetu. Nani angetufundisha kuchagua kitanda?

Yaliyotukuta huko ndiyo tunayotaka kuwasimulia, maana tunaamini si sisi peke yetu.

Usiku mmoja ziwani

Tulikutana Mwanza, tukazunguka madukani na kwa maseremala siku tatu nzima. Tulinunua vitanda vitatu na magodoro yake, makochi, mapazia, vyandarua, sahani na vikombe, jiko la gesi la mafiga mawili na mtungi wake. Lakini fahari yetu ilikuwa makabati mawili ya mbao za mninga. La kwanza lilikuwa kabati la vyombo, refu, lenye vioo mbele, kwa ajili ya sebule. La pili lilikuwa kabati la nguo la milango mitatu, lenye kioo kirefu katikati, kwa ajili ya chumba cha Mama. Hilo la nguo lilinunuliwa na mwenzetu wa Morogoro kwa fedha zake za mchezo wa walimu, na alikuwa amezingoja zamu yake ifike kwa miezi mingi. "Mama hajawahi kujiona mwili mzima kwenye kioo," alisema. "Safari hii atajiona."

Mizigo ilipakiwa katika meli ya MV Victoria, ambayo ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya kufanyiwa ukarabati mkubwa. Meli iliondoka usiku. Tulisimama sitahani tukayaona majabali ya Mwanza yakibaki nyuma, na taa za milimani zikipungua moja baada ya nyingine. Watu wa Kagera hawasafiri ziwani bila kuikumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku ambayo MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Mzee mmoja wa kike aliyekaa karibu nasi aliinamisha kichwa, akaomba kimya kimya kwa muda mrefu. Alipomaliza alifungua kikapu chake, akatugawia ndizi mbivu, kana kwamba tulikuwa binti zake.

Tulikuwa pia na msafiri mdogo, binti wa mwenzetu wa Morogoro, mwenye umri wa miaka minane. Mtoto huyu alilelewa na Bibi yake huko Kiziba mama yake alipokuwa chuo cha ualimu. Usiku kucha aliuliza jambo moja tu: "Bibi atalala na mimi kwenye nyumba mpya?" Tukamjibu kwamba bila shaka atalala naye.

Kulipopambazuka tuliiona Bukoba. Upande mmoja kisiwa cha Musira kimeinuka majini kama kichuguu, na upande wa pili mji umejilaza chini ya vilima vyake. Aliyefika Bukoba hawezi kuisahau ile kijani yake, kwa kuwa mvua hapa ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi yetu. Tulipita karibu na Kanisa Kuu la Kikatoliki, alikozikwa upya mwaka 2012 Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, tangu mwaka 1960. Kisha tukapanda lori pamoja na mizigo yetu, tukaelekea Kiziba.

Ulikuwa msimu wa senene. Njiani tuliona mabati yamesimamishwa na taa kali zimefungwa juu yake kwa ajili ya kuwanasa usiku. Dereva alitutania, akasema kwamba zamani wanawake wa Kihaya waliwakamata senene, wakawakaanga, lakini walaji walikuwa wanaume. Mwenzetu wa Dar es Salaam, ambaye ni Mchaga, alimwambia asimamishe gari, akanunua mfuko mzima, akaanza kuwala palepale.

Nyumba iliyosimama tena

Mgeni asiyeijua nchi ya Wahaya huenda asielewe kwa nini nyumba hii ilijengwa palepale ilipoanguka. Nyumba ya Mhaya haisimami peke yake. Imezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba iliyochanganywa na mibuni na maharage, na ndani ya kibanja hicho ndimo wamelala wazee wa ukoo. Kaburi la baba mkwe wetu liko hatua chache tu kutoka mlango wa nyuma. Yeye ndiye aliyeijenga nyumba ya kwanza, kwa fedha za kahawa, chumba baada ya chumba. Kumwambia Mama ahamie mjini ni sawa na kumwambia amwache mumewe peke yake.

Nyumba hiyo ya kwanza ilianguka Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na lilisikika hadi Uganda na Rwanda. Watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibiwa, na shule kama sekondari za Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya. Nyumba nyingi za vijijini zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila kufungwa lenta juu ya kuta. Ardhi ilipotikisika, kila ukuta ulikwenda upande wake.

Mama alilala chini ya turubai kwa wiki kadhaa. Baadaye alihamia katika kibanda cha jiko kilichobaki kimesimama nyuma ya nyumba, na humo akaishi miaka mitano. Waume zetu walijenga kidogo kidogo, kadiri mishahara ilivyoruhusu. Mwaka mmoja msingi, mwaka wa pili kuta. Safari hii walihakikisha kwamba matofali yanaunganishwa kwa saruji, nondo zinawekwa pembeni, na lenta inazunguka nyumba nzima kama mkanda. Mwezi Oktoba 2021 mabati yalipakwa rangi ya mwisho, sakafu ikawekwa vigae vinavyong'aa.

Tulipofika, Mama alikuwa amesimama barazani, amejifunga kitenge chake kizuri. Tukapiga magoti kumsalimu. Akamkumbatia mjukuu wake, akamshika kichwa kwa mikono miwili, asimwachie kwa muda mrefu.

Mama hakulala ndani

Siku hiyo hatukupumzika. Vijana wanne walilibeba lile kabati la nguo huku wakihema, wakalisimamisha chumbani kwa Mama, ubavuni mwa kitanda, kwa kuwa hapo ndipo kioo kilipopata mwanga wa dirisha. Kabati la vyombo likawekwa sebuleni. Tukapanga makochi, tukayatandika vitambaa tulivyovifuma wenyewe, tukatundika mapazia. Jioni ilipofika nyumba ilipendeza kama za kwenye kalenda. Tukamwita Mama aje aone.

Alipita chumba baada ya chumba, akitembea karibu na ukuta. Tulidhani anaogopa kuchafua vigae. Alipofika chumbani kwake alisimama mlangoni. Alilitazama kabati, akalitazama na kitanda, kisha akasema, "Mmejitahidi, wanangu. Mungu awabariki." Basi. Hakuingia.

Usiku tulimsikia akifungua mlango wa nyuma. Asubuhi tulimkuta kibandani, amelala juu ya mkeka wake kando ya mafiga, moto umebaki majivu. Tulipomwuliza alisema joto lilimzidi. Akina mama, Kiziba usiku kuna baridi. Usiku wa pili ikawa vilevile. Mjukuu alilala peke yake katika kitanda kile kipya, na asubuhi alituuliza kwa nini tulimdanganya.

Hatutaficha yaliyokuwa mioyoni mwetu. Tulikasirika. Tulisemezana wenyewe kwa wenyewe kwamba Mama hajathamini tulichomfanyia. Mmoja wetu alisema labda angefurahi kama vyombo vingenunuliwa na binti zake wa kuwazaa. Mwingine alisema wazee wa siku hizi huwezi kuwapatia. Mwenzetu wa Morogoro hakusema kitu, lakini tulimwona akilifuta lile kabati kwa upande wa khanga, akilifuta tena na tena mahali palipokuwa safi tayari.

Wakati wa kumenya ndizi

Siku ya tatu tulikaa na Mama uani tukimenya ndizi za mchana. Mnaijua kazi hiyo. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini kwenye kisu, maneno magumu hupata njia ya kutoka. Mkubwa wetu, yule wa Mwanza, alijikaza akasema: "Mama, kama tumekukosea, tuambie."

Mama aliendelea kumenya. "Hamjanikosea, wanangu. Ila siwezi kulala nikitazamwa na kabati."

Tukanyamaza. Kisha akaanza kusimulia, polepole, bila kututazama.

"Jumamosi ile mtoto alikuwa amelala usingizi wa mchana kitandani kwangu. Mimi nilikuwa huku nje naanua kahawa. Akaamka akilia, anataka uji. Nikaingia nikamchukua, nikaja naye hapa jikoni. Kikombe sijakiweka hata chini, ardhi ikanguruma kama lori linapita chini yetu. Nikamlalia mtoto. Kulipotulia, ukuta wa mbele haukuwapo. Walipoingia vijana kuokoa vitu, niliingia nyuma yao. Kabati la baba yenu, lile la nguo, lilikuwa limelala juu ya kitanda. Mto aliokuwa amelalia mtoto ulikuwa chini yake."

Kisu kilimtoka mkononi mwenzetu wa Morogoro. Mtoto aliyekuwa akisimuliwa ni wake. Miaka yote mitano alijua kwamba nyumba ilianguka na kwamba mwanawe alikuwa nje na Bibi yake, salama. Zaidi ya hapo hakuwa amejua kitu.

"Mama," alisema kwa shida, "kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa chuoni, una masomo yako. Ungesema Bibi alimwacha mtoto wangu alale chini ya kabati. Niliogopa usije ukamchukua." Mama akajipangusa uso kwa kiganja. "Nimekaa na neno hilo peke yangu. Sasa mmeniletea kabati jingine kama lile lile, mkaliweka mahali palepale. Najua mlifanya kwa upendo. Lakini nikifumba macho naliona linakuja."

Mwenzetu hakujibu. Alisogea magotini juu ya maganda ya ndizi, akamshika Mama mikono yote miwili pamoja na utomvu wake, wakalia. Na sisi wengine tukalia. Mtoto alikuja mbio kutoka kibanjani kuuliza nani amekufa. Tulimwambia hakuna aliyekufa.

Tukaanza upya

Mchana ule tulijiuliza swali ambalo tulipaswa kujiuliza tukiwa bado Mwanza. Tulipima madirisha kwa kuwapigia simu mafundi. Tuliwauliza waume zetu wanapenda rangi gani ya makochi. Tulibishana saa nzima juu ya maua ya mapazia. Lakini mwenye nyumba, ambaye angelala humo mvua na jua, sisi tukiwa tumekwisha ondoka, hatukumwuliza hata neno moja.

Basi tukamwuliza. Mama hakutaka mengi. Alitaka kitanda kihamishiwe ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na kisiwe na kitu kirefu karibu yake. Alitaka taa anayoweza kuiwasha akiwa bado amelala. Alitaka mlango wa chumba upigwe randa, maana ulikuwa umevimba kwa mvua na ulihitaji nguvu kuufungua. "Siku ile jirani yangu alishindwa kufungua wake," alisema. Alitaka sanduku lake la bati, lililookolewa kwenye kifusi, liwe ndilo la nguo zake. Alitaka mikeka ya kupita juu ya vigae, kwa kuwa vikilowa vinateleza na yeye hana mifupa ya kuvunja. Na alitaka benchi barazani, refu, la majirani kukaa.

Jioni ile katika sala tulisoma habari za mwanamke wa Shunemu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aliyemtengenezea nabii Elisha chumba kidogo juu ya nyumba. Vitu alivyoweka humo ni vinne: kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Tumeisoma habari hiyo mara nyingi kanisani, lakini siku hiyo ndipo tulipogundua kwamba vyote vinne ni vya mtu wa kukaa humo. Hakuna hata kimoja cha kuonyesha watu.

Kesho yake tulimwita fundi seremala wa kijijini. Kabati la vyombo, fahari ya sebule yetu, lilikatwa kimo likawa makabati mawili mafupi, yasiyozidi kiuno cha mtu. Hatutawaficha, msumeno ulipoanza kulia roho zilituuma. Vioo viliondolewa. Sahani nzito zikawekwa chini, na vikombe juu yake.

Kabati la nguo halikukatwa. Mama mwenyewe alikataa, akasema ni jasho la mwanawe. Lilihamishiwa chumba cha akiba ambamo hakuna anayelala, likafungwa ukutani juu na katikati kwa vyuma vya umbo la L na skrubu ndefu, hata vijana wawili wakilivuta halitikisiki. Humo sasa zimo shuka na blanketi za wageni. Na kioo chake Mama anakitumia. Tulimkuta asubuhi moja amesimama mbele yake, anajitazama kitenge nyuma na mbele, akatuambia tuondoke.

Jikoni nako tulirudi nyuma kidogo. Tulikuwa tumeazimia kubomoa kile kibanda ili Mama apikie ndani, kwa gesi. Alituuliza kama tumewahi kuona ndizi za watu ishirini zikifunikwa kwa majani ya migomba juu ya kijiko kile cha mafiga mawili. Hatukuwa na jibu. Kibanda kikaachwa, lakini humo fundi alijenga jiko banifu la matofali lenye bomba la kutoa moshi, kwa sababu Mama alikuwa amekohoa miaka mitano. Jiko la gesi likabaki ndani kwa chai ya asubuhi na siku za mvua kubwa, mtungi wake ukasimamishwa nje chini ya upenu na kufungwa kwa mnyororo usianguke. Tukaongeza mifereji kwenye paa na tangi la lita 2,000. Katika nchi ya mvua kama hii, ni aibu bibi wa watu kuteremka kisimani na ndoo.

Funguo

Siku ya kubariki nyumba, waume zetu walikuwa wamefika. Mchungaji alikuja, na majirani wakajaa hadi kibanjani. Asubuhi na mapema Mama aliwatuma wasichana wakate majani mabichi, akayatandaza barazani na ukumbini. Zamani, katika nyumba za msonge, sakafu ilitandazwa majani namna hiyo ili mgeni akae pasafi. Mmoja wa wanaume alitaka kuzuia, akisema vigae vitachafuka. Sisi wake zao tulimtazama, akaacha. Nyumba nzima ikanukia kama shamba baada ya mvua. Wageni wakapewa kahawa ya kutafuna katika vikapu vidogo, kama ilivyo desturi.

Baada ya sala ilifika saa ya kukabidhi funguo. Mpango wa awali ulikuwa kwamba sebule na vyumba vya wana vifungwe, vifunguliwe sisi tukija Krismasi, ili vyombo visiharibike. Mama angebaki na chumba chake na ukumbi. Nyumba nyingi nzuri vijijini huishi hivyo. Zinafunguliwa wiki mbili kwa mwaka, na miezi mingine yote panya ndio wanaokalia makochi, wakati mwenye boma anapokea wageni wake uani.

Usiku uliotangulia tulikuwa tumezungumza na waume zetu, kila mmoja na wake. Tuliwaeleza habari ya kabati na ya mto. Wao pia hawakuwa wanajua. Kwa hiyo kaka mkubwa alipozitoa funguo hakuzigawa. Alizifunga zote katika kamba moja, akaziweka mikononi mwa mama yake, akasema, "Mama, nyumba ni yako. Tukija, utatufungulia."

Mama alizipokea, akazitia kwenye pindo la kitenge na kufunga fundo. Kisha akawaambia majirani waliokaa nje, "Ingieni sebuleni. Mbona mmekaa juani?"

Usiku ule alilala ndani. Tulichungulia mlangoni kama wezi. Kitanda kilikuwa ukutani, sanduku la bati miguuni, taa karibu na mkono, na mtoto amemlalia Bibi yake begani, amekoroma.

Kwa wenzetu mnaojiandaa

Wapo wengi kati yenu ambao mwaka huu mtapeleka vyombo kwa wazazi. Tunawaachia haya machache tuliyojifunza.

Kabla ya kwenda dukani, mwulize mzee anayekaa humo. Usimwulize "unapenda rangi gani?" tu. Mwulize anaamka saa ngapi usiku, anapita wapi kwenda msalani, anaogopa nini.

Kabati refu lifungwe ukutani, hata kama kwenu hakuna matetemeko. Watoto hupanda droo, na kabati huanguka. Lisiwe karibu na kitanda.

Vitu vizito na vya kuvunjika vikae chini. Kitanda kisiwe chini ya dirisha. Mlango wa chumba cha mzee au mtoto ufunguke kwa mkono mmoja.

Kwa wanaokaa maeneo ya matetemeko, wafundisheni watoto kujikinga kichwa na kujificha chini ya meza imara wakati ardhi inatikisika, na kutoka nje kwenda mahali pa wazi inapotulia. Mtungi wa gesi ufungwe mara moja.

Msibomoe jiko la zamani kabla jipya halijapika ndizi za wageni.

Na kama mzee amenyamaza mbele ya zawadi yako, usikimbilie kukasirika. Kaeni pamoja, mmenye ndizi au mchambue mboga, umpe nafasi. Huenda ana neno alilolibeba peke yake miaka mingi, naye anakuogopa wewe kuliko unavyomwogopa yeye.

Tuliondoka Kiziba baada ya Mwaka Mpya. Mtoto aliomba abaki na Bibi mpaka shule zitakapofunguliwa, na mama yake alikubali. Meli ilipokuwa inaondoka Bukoba, simu ililia. Alikuwa ni mtoto, anataka kutuambia kwamba majirani wamejaa sebuleni, kwamba kochi moja limemwagikiwa chai, na kwamba Bibi amesema si kitu.